Greko Marekani inaishi kwa mabaki

Olimpiki ya Tokyo Marekani ilibeba medali 9 za mieleka, 5 za wanaume wa fristaili na 4 za wanawake, Greko, yaani mtindo wa Greko-Roman, hakuna. Paris 2024 ikabeba 7, wanaume wa fristaili 3, wanawake 4, Greko hakuna tena. Mmarekani wa mwisho kupata medali ya Olimpiki kwenye Greko ni Adam Wheeler, shaba ya kilo 96, Beijing 2008, na wengi kati ya watoto ninaosaidia kuwafundisha klabuni huku walikuwa hawajazaliwa. Hilo linaniuma kwa kweli. Nimeipenda Greko nikiwa kwenye nchi ambayo haina muda nayo, kwahiyo leo naandika yote niliyonayo moyoni, mnivumilie maana ni ndefu.

Kwa wale ambao wakisikia mieleka wanawaza zile za kwenye tv za kurushana nje ya kamba, hapana, naongelea mieleka ya kwenye mkeka, ya Olimpiki. Huko kuna mitindo miwili. Fristaili unashika popote, miguu ikiwemo. Greko-Roman, ambayo ilianza kukua Ufaransa karne ya 19, hauruhusiwi kumshika mwenzio chini ya kiuno wala kumpiga mtama wala kutumia mguu wako kumwangusha kwa namna yoyote. Kila kitu ni kifua, shingo, mikono na nyonga. Ukitaka mtu adondoke lazima umsogelee mpaka mgusane vifua, umkumbatie, umbebe, umrushe, na yeye muda huohuo anataka kukufanyia hivohivo. Alafu Marekani wana mtindo wao wa tatu, fokstaili, ambao hauchezwi Olimpiki wala kwenye mashindano ya dunia, unachezwa mashuleni na vyuoni kwao tu, na huo ndo wenye nchi.

Na ni mkubwa jamani. Wavulana wa sekondari wanaocheza fokstaili kwa mwaka ni zaidi ya 250,000. Ubingwa wa vyuo wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, unafanyika tangu 1928. Mwaka 2015 chuo cha Iowa kilipambana na Oklahoma State ndani ya uwanja wa mpira wa Kimarekani wa Kinnick, wakaingia watu 42,287. Mtoto anayekulia kwenye mazingira hayo ndoto yake ni kuvaa jezi ya chuo kikubwa na kusomeshwa bure au nusu bure, hawezi kuota Greko kwasababu hajawahi kuiona ikishangiliwa na mtu yeyote karibu yake. Simlaumu hata kidogo. Fokstaili ni mchezo mzuri, unafundisha uvumilivu na nidhamu, na umeijengea Marekani timu ya fristaili inayoogopwa dunia nzima kwa sababu kwenye mitindo yote miwili kazi kubwa ni kuvamia miguu. Anayetoka fokstaili kwenda fristaili anahama chumba ndani ya nyumba ileile. Anayekwenda Greko anakuta karibu kila alichofundishwa kinamgeukia.

Chukua suala la mikono tu. Kwenye fokstaili ukiwa umemdhibiti mwenzio chini, wewe uko juu, ni marufuku kufunga mikono yako kuuzunguka mwili wake, refa akiona viganja vimeshikana anampa mpinzani pointi. Kwahiyo tangu mtoto ana miaka sita anaambiwa fungua mikono, fungua mikono, usishikanishe, mpaka inakuwa silika. Sasa njoo Greko. Mpinzani kaonekana hapambani, refa kamlaza chini kwa tumbo, wewe uko juu yake, na silaha yako kubwa kuliko zote ni ileile iliyokatazwa: unapitisha mikono kuzunguka mbavu zake, unaifunga, unamkaza mpaka pumzi inakuwa fupi, unaingiza nyonga yako chini ya nyonga zake, unamviringisha mgongo wake uangalie mkeka. Pointi 2. Bila kuachia unamviringisha tena, nyingine 2. Ukimviringisha mara nne umefikisha 8 na tofauti ya pointi 8 kwenye Greko inamaliza mechi hapohapo. Nimeona kijana mwenye nguvu za kutisha, bingwa wa jimbo kwenye fokstaili, analala juu ya mwenzie dakika inakatika viganja vyake vikicheza tu mgongoni kwa mtu kama anatafuta swichi gizani, nguvu anazo, ila mikono haijawahi kuruhusiwa kufanya kazi hiyo maisha yake yote.

Aliyeko chini naye ana balaa lake. Fokstaili ukiwekwa chini kazi yako ni kuinuka, unapata pointi 1 ya kuchomoka, na ukilala bapa refa anakuonya kwa kukwepa mchezo. Greko ni kinyume kabisa, unalala bapa, tumbo limegandana na mkeka, mikono umeitanua, nyonga nzito, unakuwa mtu asiyenyanyulika. Ukijiinua kidogo tu kupiga magoti umempa mwenzio nafasi ya kupitisha mikono chini yako, akakunyanyua akakurusha juu chini. Hili nalifundisha kila msimu wa kuchipua na kila mara naona kitu kilekile, napuliza filimbi, na kabla mtoto hajawaza chochote tumbo lake limeshaachana na mkeka. Ubongo unajua, mwili haujui. Miaka yote ya kuambiwa inuka haifutiki kwa wiki tatu.

Tusimame sasa maana huko ndo penye utamu. Mpiganaji wa fokstaili anasimama ameinama, kichwa mbele, nyonga nyuma kabisa, kwasababu miguu yake inawindwa muda wote na akiisogeza karibu imeenda. Greko hakuna wa kuiwinda, kwahiyo unatakiwa usimame wima zaidi, kifua juu, nyonga mbele karibu na za mwenzio, na vita yote inakuwa kwapani. Unaingiza mkono chini ya kwapa lake, yeye anaingiza wa kwake chini ya lako, unautoa unaupitisha tena ndani, yeye tena, huku vipaji vya uso vimegandana na kila mmoja anasikilizia uzito wa mwenzie uko mguu gani. Kwa mbali mtu anaona wanaume wawili wanasukumana tu. Ukiwa karibu unasikia pumzi zinavyobadilika, unaona bega moja limeshuka nusu inchi, na hapo ndipo mmoja wao anapojua kwamba sekunde inayofuata atavuta mkono ule, ageuze nyonga, na jamaa mzima wa kilo 87 atakuwa hewani. Hisia hii ya kusikia uzito wa mtu kwa kifua haisomwi, inaingia mwilini kwa kufanya mara elfu nyingi ukiwa mdogo. Wale vijana wa Georgia, Armenia, Azerbaijan, Iran wanaianza utotoni. Kijana wa Marekani anaanza kuitafuta akiwa na miaka 22 au 23, baada ya chuo, mabega yameshachoka na fokstaili.

Hapa ndo nafika kwenye neno langu la mabaki, na sioni neno zuri zaidi. Greko huku inapewa mabaki ya kila kitu. Mabaki ya kalenda, kwasababu fokstaili inashika kuanzia Novemba mpaka Machi, alafu Aprili mpaka Julai ndo Greko na fristaili zinagawana kinachobaki, na kwenye kugawana huko klabu nyingi zinafanya fristaili mazoezi mazima na Greko dakika za mwisho watoto wakiwa wamechoka na wazazi wameshafika mlangoni na funguo za gari. Mwezi wa saba kuna mashindano makubwa ya taifa ya vijana pale Fargo, North Dakota, ndani ya ukumbi wa Fargodome, mitindo yote miwili, mikeka imejaa ukumbi mzima, yanapendeza mno, ila ukiwasikiliza watoto wengi wanaelezea Greko kama sehemu ya kupashia mwili kabla au baada ya fristaili. Mabaki ya wachezaji pia, maana wengi wanaoingia Greko ukubwani ni wale waliokosa nafasi kwenye fristaili. Na mabaki ya hela, hilo sina haja ya kuliongelea sana, medali zinakoenda ndiko hela zinakofuata na medali haziji bila hela, kila mtu anaona mduara huo.

Chuo ndo pagumu kuliko pote. Mwaka 2017 Marekani ilikuwa na vijana wawili wa Greko waliobeba ubingwa wa dunia katika umri wao, Cohlton Schultz kwenye umri wa kadeti na Kamal Bey kwenye junia, dhahabu mbili mwaka mmoja, yaani vipaji vipo na vinaweza kumpiga yeyote. Schultz alienda Arizona State, akacheza fokstaili uzito wa juu kabisa, akafika fainali ya NCAA mwaka 2022. Ni mafanikio makubwa, na mzazi gani angemwambia mwanae akatae elimu ya bure? Ila ile ni miaka ya dhahabu ya mwili wa mpiganaji, na aliitumia kwenye mtindo mwingine kila Novemba. Bey alibaki na Greko, akaingia jeshini, na Paris 2024 alikuwepo. Kwa kijana wa miaka 18 anayetaka Greko tu njia kwa kweli ni mbili. Moja ni Northern Michigan University kule Marquette, unasoma huku unafanya mazoezi ya Greko mwaka mzima na chuo hakikuhitaji ucheze NCAA. Nyingine ni jeshi, ule mpango wa wanajeshi wanamichezo wenye kambi Fort Carson, Colorado, unapewa mshahara wa askari na kazi yako ni mkeka. Dremiel Byers aliyekuwa bingwa wa dunia Moscow mwaka 2002 ametoka kwenye mpango huo. Nchi yenye wavulana zaidi ya 250,000 wa mieleka, na mlango wa Greko ni chuo kimoja kwenye baridi la Michigan na kambi moja ya jeshi. Ukiniuliza kwanini hakuna medali nitakuonyesha hapo kabla sijakuonyesha kitu kingine.

Kuna watu wanasema Marekani haijawahi kuwa na Greko na haitakuwa nayo, iacheni. Hawa wanajibika kwa historia. Los Angeles 1984 Steve Fraser alichukua dhahabu ya kilo 90, ya kwanza kabisa kwa Marekani kwenye mtindo huu, na njiani alimtoa Frank Andersson wa Sweden ambaye alikuwa ameshabeba ubingwa wa dunia mara tatu. Michezo hiyohiyo Jeff Blatnick akachukua ya uzito wa juu, miaka miwili tu baada ya kugundulika na saratani na kutolewa wengu, na alivyolia pale kwenye mkeka hakuna asiyemwelewa. Watasema Wasovieti walisusia ile Olimpiki, ni kweli walisusia. Lakini mwaka uliofuata, 1985, mashindano ya dunia yakafanyika Norway, Wasovieti wapo, na Mike Houck akawa bingwa wa dunia. Dennis Hall akabeba ubingwa Prague 1995. Na 2007 Baku, chini ya ukocha wa Fraser huyohuyo, timu ya Greko ya Marekani ikawa bingwa wa dunia kwa timu, watu wengi hata wanaocheza mieleka huku hawaijui habari hiyo na ni aibu.

Na Sydney 2000 ndo kila mtu anaijua. Aleksandr Karelin wa Urusi, dhahabu tatu za Olimpiki mfululizo, miaka 13 hajapoteza mechi ya kimataifa, mtu aliyekuwa anawanyanyua watu wa kilo 130 kutoka chini kwenye mkeka na kuwapindua hewani kama kwamba uzito wao ni wa mtoto. Mbele yake Rulon Gardner, kijana wa shamba la ng'ombe wa maziwa kutoka Wyoming. Raundi ya kwanza sifuri sifuri. Sheria za wakati ule zilitaka raundi ya pili ianze wakiwa wamekumbatiana, mikono imefungwa, na atakayeachia kwanza anapoteza pointi. Wakagandana, wakazunguka, Gardner hakumpa nafasi, na viganja vya Karelin vikaachana kidogo, kitu cha kufumba na kufumbua, ikabidi waangalie video. Pointi 1 kwa Gardner, na ikakaa hivohivo mpaka mwisho. Nimeirudia video ile nikiwa na watoto na kila mara nawaambia waangalie mikono, wasiangalie nyuso. Mechi kubwa kuliko zote za Greko kwa Marekani iliamuliwa na nani anajua kufunga mikono vizuri zaidi, na sisi tunawafundisha kuifungua.

Watu wale walikuwa na kitu kimoja wanachofanana, walichagua Greko wakakaa nayo miaka. Baada yao hakuna aliyetengeneza njia ili wanaofuata wasianze upya.

Mfano unaonipa nguvu zaidi hauko Marekani, uko Iran. Iran roho yake ni fristaili, Gholamreza Takhti, mpiganaji wao wa zamani wa fristaili, mpaka leo ni kama mtakatifu kwao, na kwa miaka mingi Greko ilikuwa mtoto wa kambo. Mpaka inafika 2012 walikuwa hawajawahi kupata dhahabu hata moja ya Olimpiki kwenye Greko. Kocha Mohammad Bana akakaa na kundi lake, akawajenga muda mrefu, na London zikaja tatu kwa mpigo, Hamid Sourian, Omid Norouzi na Ghasem Rezaei. Wala haikuwa bahati ya siku moja, Paris 2024 Saeid Esmaeili na Mohammad Hadi Saravi wakaongeza mbili. Na fristaili yao haikufa kwa sababu hiyo. Iran sasa kuna maeneo ambayo mtoto anazaliwa akijua kwao ni Greko, Khuzestan kwa mfano, na nadhani hiyo ndo siri kubwa kuliko mbinu yoyote, kuwe na sehemu ambapo mtindo huu ni wa kwanza na mtoto akiutaja mtaani watu wanaujua.

Marekani ingefaa iwe na sehemu kama hizo tatu nne. Sio lazima nchi nzima igeuke, haitageuka, na mjadala wa vyuo kuachana na fokstaili umedumu miaka na hata ukifanikiwa kesho faida itaenda fristaili. Ila jimbo moja, klabu chache zinazokaribiana, makocha wawili watatu wanaoijua Greko kwa mwili na sio kwa video, wakianza na watoto wa miaka saba nane. Na umri huo kwa maoni yangu ndo Greko inafaa kuliko mtindo wowote, mtoto mdogo hana haja ya kufundishwa kukumbatia, anapenda kubeba na kubebwa, wape godoro nene la kudondokea wataomba kurushwa mpaka usiku. Ukianza na kifua kwa kifua, miguu ataiongeza baadaye bila shida. Ukianza na miguu, kifua kinakuja kwa tabu mno, haya nayaona kwa macho.

Najua wengi wanaikataa Greko wakisema inachosha kuangalia, watu wanasukumana, mmoja analazwa chini, anaviringishwa, imeisha. Kwenye baadhi ya mechi ni kweli na kunikasirisha kunanikasirisha. Sheria zimebadilishwa mara nyingi kujaribu kuponya hilo, kulazwa chini kukaondolewa kukarudishwa tena, na bado hawajapata dawa. Lakini mrusho mkubwa wa pointi 5, miguu ya mtu ikapita juu ya kichwa cha mwenzie, hakuna kitu kwenye fokstaili kinachoufikia, na watu wakiurusha kidogo siku hizi ni kwa sababu wengi wameingia ukubwani wakiogopa kuanguka. Aliyezoea kuanguka utotoni haogopi kurusha.

Swali ambalo wazazi wananiuliza kuliko yote ni kama Greko itamharibia mtoto nafasi ya chuo. Hapana. Angalia Adam Coon wa Michigan, Machi 2018 alikuwa fainali ya NCAA uzito wa juu dhidi ya Kyle Snyder, akapoteza kwa pointi moja tu, na Oktoba mwaka huohuo akawa Budapest anachukua medali ya fedha ya dunia kwenye Greko kilo 130. Mwili mmoja, mwaka mmoja. Kugombania kwapa kunamfanya mtoto awe mgumu kusogezwa hata akiwa kwenye fokstaili, na anayejua kurusha kutoka kifuani anaogopwa na kila anayemsogelea. Kwahiyo kama uko huku na una mtoto klabuni, muulize kocha wake kama Desemba pia wanafanya kifua kwa kifua, hata robo saa mwanzoni mwa mazoezi wakiwa bado na nguvu, sio Mei peke yake. Akisema hawana anayejua kufundisha, makocha wengi waliopita Marquette au Fort Carson wako tayari kuja wikendi wakiitwa, tuwaite.